Jiko na Kanisa Siku ya Krismasi

Msomaji, kama umelelewa katika nyumba ya Kikristo, hapana shaka umepata kuliona jambo hili. Ni asubuhi ya tarehe 25 Desemba. Kengele ya kanisa imekwisha lia mara ya kwanza. Baba amevaa koti lake, naye anauliza saa. Mama, ambaye jina lake limo katika orodha ya waimbaji, amechutama mbele ya mafiga, macho yamejaa moshi, na nusu ya unga haijasukumwa bado. Katika nyumba hiyo hapana mtu aliyetenda kosa; lakini sauti zimeanza kupanda, na mtoto mdogo anashangaa kwa nini watu wanateta siku ya furaha.

Nataka kukueleza kwamba mateto hayo hayakuanzia nyumbani kwenu. Yana umri mkubwa kuliko nyumba zote unazozijua, na yaweza kufuatwa nyuma kama mtu afuatavyo mto mpaka chemchemi yake. Kwa kuwa historia isiyo na mahali ni ngoma isiyo na uwanja, nitakuchukua kwanza mpaka Karurumo.

Karurumo ni soko katika nchi ya Waembu, upande wa Runyenjes, katika miteremko ya Mlima Kenya. Ukipanda kuelekea mlimani utakuta chai mpaka mpakani mwa msitu. Ukiteremka utafika nchi kavu ya Mbeere. Pande hizo za Runyenjes ndiko kuliko Mbui Njeru, kichaka ambamo, kama wasemavyo wazee katika mapokeo yao, Mwenendega alimkuta mwanamke mzuri aitwaye Nthara, wakaoana, na kizazi chao ndicho Waembu. Vichaka vya namna hiyo havikuwa mahali pa hadithi tu. Wazee walichinja mnyama humo, wakamwomba Ngai wakiuelekea mlima, na nyama ikaliwa pale pale. Tafadhali yaweke moyoni maneno hayo mawili, pale pale. Sala na chakula havikuwa na nyumba mbili. Hapakuwa na mtu aliyelazimika kuchagua kati ya kuomba na kupika, maana kupika kwenyewe kulikuwa sehemu ya kuomba.

Waingereza waliishinda nchi ya Embu kwa silaha mwaka 1906, na wamisionari hawakukawia kufuata. Chama cha Kanisa la Kiingereza, kile kilichokuwa kimeanza kazi pwani tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, kilifungua kituo Kabare mwaka 1910, wakati huo Kabare ikihesabiwa katika wilaya ya Embu. Mapadre wa Consolata, Waitalia, walikuwa wameingia nchi ya Kikuyu mwaka 1902, na kazi yao ikauzunguka mlima mpaka Embu na Meru. Kaskazini, katika njia iendayo Meru, Waskoti wa kanisa la Presbiteri wakajenga Chogoria mwaka 1922, naye Daktari Clive Irvine akafanya hospitali yake huko.

Yote haya waweza kuyasoma katika vitabu vya shule. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba wageni hawa watatu walikuja na Krismasi tatu.

Mwitalia alikuja na sikukuu iliyokuwa imezoeleana na tumbo tangu zamani. Desturi ya kanisa la Roma ilitoa misa tatu kwa siku hiyo: ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Mwenye mtoto mchanga alikwenda saa moja, mwenye chungu motoni akaenda saa nyingine. Sidhani kwamba misa hizo ziliwekwa kwa ajili ya wapishi, lakini wapishi walinufaika. Mwingereza, kwa upande wake, alikuwa na ibada na karamu, kila moja kwa saa yake; lakini hata kwao amani hiyo ilikuwa imepatikana kwa gharama. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiongozwa na watu walioona kwamba Krismasi ni ulafi uliovishwa joho la dini, liliifuta sikukuu hiyo pamoja na nyinginezo. Desemba ya mwaka ule ule, watu wa Canterbury walipoamriwa kufungua maduka siku ya Krismasi, walifanya ghasia mjini. Sikukuu haikurudi kwa halali mpaka mfalme aliporudi, mwaka 1660. Na Mskoti? Huyu alitoka katika nchi ambayo kanisa lake lilikuwa limeitilia shaka Krismasi kwa karne nyingi, na haikuwa siku ya mapumziko ya serikali huko mpaka mwaka 1958. Fikiri basi, msomaji: wakati Chogoria inajengwa, kwa Waskoti wengi kwao siku ile ilikuwa siku ya kazi kama nyingine.

Kwa hiyo anayedai kwamba iko njia moja ya Kikristo ya kuitumia siku hiyo, tangu asili, anadai jambo ambalo waleta dini wenyewe hawakukubaliana.

Sasa tufuate mto mpaka juu zaidi. Katika Roma, ushahidi wa kwanza wa kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba ni wa mwaka 336. Kanisa lilikuwa limekwisha ishi karne tatu, na karne hizo hazikupita bila matatizo ya chakula. Hapo mwanzo Wakristo walikula pamoja walipokusanyika, kama wazee wetu kichakani. Lakini katika mji wa Korintho walifika wenye mali wakala na kulewa, na maskini, ambao hawakuwa na nafasi ya kuwahi, wakakuta makombo. Paulo aliwakaripia kwa barua, akawauliza kama hawana nyumba za kulia. Shauri hilo lilikuwa jema kwa siku ile. Lakini tazama matokeo yake ya mbali: baada ya muda meza iliondoka kanisani ikaenda nyumbani, na tangu hapo kila sikukuu ikawa na mahali pawili, na mtu ana mwili mmoja.

Yerusalemu nako kulikuwa na kisa kingine, ambacho kwangu mimi ni kikubwa zaidi, nacho kimo katika Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Manung'uniko yakatokea. Mitume wakaona haifai waliache neno la Mungu wakahudumu mezani. Wakaagiza wachaguliwe watu saba. Waliochaguliwa kuangalia meza walikuwa wanaume, wenye sifa njema, na wa kwanza wao alikuwa Stefano. Wala kazi ya meza haikuwazuia kuhubiri, maana Stefano alihubiri hata akauawa, na Filipo mwenzake akaipeleka habari Samaria. Hadithi ya Martha na Mariamu nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi, aghalabu na watu waliokuwa wakingojewa na chakula mahali. Hii ya wale saba nimeisikia mara chache.

Turudi Karurumo. Krismasi ilipofika huko ilikuta jambo ambalo halikuwako Ulaya. Kule ilizaliwa katika baridi, wakati mavuno yamo ghalani, wanyama wamenona na mkulima hana kazi ya shamba. Katika nchi ya Embu mvua za vuli hunyesha kuanzia Oktoba. Desemba inapokwisha, maharagwe ndiyo kwanza yanakomaa, mahindi ni mabichi, na magugu hayajui sikukuu. Tena tangu miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaruhusu Waafrika wa Embu na Meru kupanda kahawa, kazi nyingine iliongezeka. Kahawa ya msimu mkuu huchumwa miezi hiyo hiyo ya mwisho wa mwaka. Buni iliyoiva haingoji. Huchumwa leo na kupelekwa kiwandani leo, ikilala inaharibika. Hivyo sikukuu ya watu waliokuwa wamepumzika ililetwa kwa watu waliokuwa katikati ya kazi, na shibe yake ikaja kabla ya mavuno.

Chakula chenyewe kilibadilika. Zamani hapakuwa na karamu ya wazee isiyokuwa na pombe. Wamisionari waliikataza, na baadaye watu wa Uamsho, ambao moto wao ulitoka Rwanda na Uganda ukafika Kenya katika miaka ya 1930, wakaikataa kwa nguvu kuliko wamisionari. Chai ya maziwa ikakalia kiti cha pombe. Kando ya mukimo na pure ya mahindi na maharagwe ikaja chapati, ambayo unga wake haulimwi shambani kwa mtu wa Karurumo, bali hununuliwa dukani kwa fedha. Na chapati, kama ajuavyo kila aliyeisukuma, haikubali haraka. Githeri waweza kuitia motoni ukaenda kuimba. Chapati hukutaka usimame hapo, moja baada ya moja, mpaka mwisho. Basi chakula cha heshima cha siku hiyo ndicho hicho kinachomfunga mpishi kwa saa zote za ibada. Sikumbuki kuona mwanahistoria aliyeliandika hili, nami naona ni upungufu.

Wanaume wengi hawakuwako kuyaona hayo. Sheria ya kipande, iliyoanza kutumika mara baada ya Vita Vikuu vya kwanza, na kodi iliyoitangulia, ziliwapeleka vijana mijini na katika mashamba ya walowezi. Nyumbani walirudi kwa likizo, na Krismasi ikawa siku ya kurudi. Hapo sikukuu ilipata mzigo wa tatu, usio wa kanisa wala wa jiko: kupokea watu. Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 watu wa nchi za Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, chini ya amri ya kutotoka usiku. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, na wanawake walitolewa kufanya kazi za lazima, za kuchimba mahandaki na kutengeneza njia. Ibada ya usiku inawezaje kuwako mahali ambapo kutoka nje usiku ni hatari ya kupigwa risasi? Hali hiyo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Kwa miaka hiyo mwanamke wa Embu alikuwa mama, baba, mkulima na kibarua wa serikali kwa pamoja, na kanisa alilihudumia kwa nguvu zilizosalia.

Nimetaja hayo ili utakapoitazama nyumba ya leo usiione kama picha isiyo na nyuma. Chukua nyumba moja ya mfano, isiyo na jina. Baba ni mzee wa kanisa: atahesabu sadaka, atapanga viti, atampokea kasisi, ambaye ana makanisa kadhaa ya kuhudumia siku hiyo na saa yake si saa ya mtu mwingine. Mama anaimba kwaya, na jumuiya ya akina mama imempa zamu ya kufagia na kupamba tangu juzi. Kijana mkubwa anatoka Nairobi, nauli imepanda kama ipandavyo kila Desemba, na hajulikani atafika saa ngapi. Nyanya anataka wote wale pamoja kabla hajafa, na hili analisema kila mwaka. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba.

Nani ana haki hapa? Kanisa lina haki, kwa maana bila watu wa kuhudumu hapana ibada. Nyanya ana haki pia, na haki yake haiwezi kuahirishwa mpaka mwakani. Wako wanaosema kwamba mambo yote yangekuwa rahisi kama watu wangepika kidogo. Pengine, lakini kijana aliyesafiri kutwa nzima hakuja kula kidogo, na Bunge la mwaka 1647 lilikwisha lijaribu shauri hilo. Wengine husema ibada iwe usiku wa kuamkia sikukuu, kama ile misa ya kwanza ya Roma, ili mchana uwe wa nyumbani. Shauri hili lina nguvu, ila halimsaidii mwenye mguu mbovu wala anayekaa mbali na barabara, na jungu halijui kujipika wakati mama anakesha. Wako tena wanaotaka chakula kipikwe pamoja, uani mwa kanisa, na wote wale hapo baada ya baraka. Wanaosema hivyo huenda hawajui kwamba wanarudi Korintho kabla ya ugomvi, na kichakani kabla ya wageni. Nami siwalaumu, mradi wakumbuke kwa nini Paulo aliandika barua yake.

Mimi naona swali la saa ni dogo kuliko swali la mikono. Warumi wa kale, kabla ya Ukristo, walikuwa na sikukuu yao ya Desemba, Saturnalia, ambayo desturi yake mojawapo ilikuwa bwana kumwandalia mtumwa wake chakula. Ilikuwa mchezo, na kesho yake mtumwa alibaki mtumwa. Lakini hata wapagani hao waliona kwamba siku kubwa haijawa kubwa mpaka aliyezoea kuandaliwa asimame aandae.

Ukipita Karurumo jioni ya tarehe 24, utaona moshi juu ya mapaa, na utasikia kwaya ikirudia wimbo ule ule kwa mara ya kumi, sauti moja ikipotea mahali pale pale. Ingia nyumba yoyote utakayokaribishwa, na baada ya salamu na chai uliza ni nani atakayebaki na moto kesho wengine wakienda kanisani. Kwa miaka mingi jibu limekuwa jina la mwanamke, na wala halikungoja kufikiriwa. Nimeingia nyumba moja ambamo walinyamaza kwanza. Kisha mvulana wa kidato cha pili, aliyekuwa akisoma kitabu karibu na taa, akasema kwamba atabaki yeye, mradi aonyeshwe namna ya kugeuza chapati isiungue. Dada yake akacheka, akaondoka kwenda mazoezini. Mama hakusema neno. Alikwenda kuleta unga, akamwita, akaanza kumwonyesha.