Inchi zilizopungua kwa Sam Mills

Seremala hawezi kazi bila futi, na Sam Mills aliijua futi kwa namna mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwalimu wa sekondari huko East Orange, jimbo la New Jersey, akifundisha vijana useremala na upigaji picha, kisha jioni akisaidia kuinoa timu ya shule. Futi ndiyo iliyokuwa imemfikisha pale. Kila alipopimwa na makocha wa futiboli ya Marekani alitoka na kipimo kilekile: futi 5 na inchi 9, kama sentimita 175. Kwa nafasi aliyocheza, wao walitaka mtu wa futi 6 kwenda juu.

Nafasi hiyo huitwa lainibeka, na msomaji aliyelelewa na soka huenda akahitaji kuelezwa. Timu inayolinda huwa na wachezaji 11. Mbele hupangwa majitu, watu wa kilo 120 na zaidi, wanaosukumana na majitu wenzao wa upande wa pili. Nyuma kabisa hukaa wenye mbio, wakichunga pasi ndefu. Katikati ya makundi hayo ndipo anaposimama lainibeka, na yeye hana kazi moja. Mpinzani akikimbia na mpira, amwangushe. Mrusha pasi akizubaa, amvamie. Ikirushwa pasi fupi, awahi kuiharibu. Yule wa kati ndiye pia husoma mpango wa wapinzani na kuwapigia wenzake kelele wajipange upya, sekunde chache kabla mpira haujaanza kuchezwa.

Kwa hiyo wasiwasi wa makocha haukuwa upuuzi. Mtu mfupi ataonaje kinachotokea nyuma ya ukuta wa majitu?

Mills alizaliwa tarehe 3 Juni 1959 katika mji wa Neptune, akakulia Long Branch, miji miwili ya pwani ya New Jersey. Alisoma na kucheza Montclair State, chuo ambacho timu yake haikuwa miongoni mwa zile zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Klabu za ligi kuu, NFL, zilipogawana vijana waliomaliza vyuo, hakuna iliyolitaja jina lake. Mwaka 1981 akaenda kujaribu bahati Cleveland Browns, wakamtema kabla ya msimu. Akavuka mpaka hadi Kanada, kwa Toronto Argonauts, nako wakamtema. Hapo ndipo alipoingia darasani kufundisha mbao.

Kilichomtoa karakana ni ligi mpya. USFL ilianza mwaka 1983, ikicheza majira ya kuchipua wakati NFL imelala. Wengi huikumbuka leo kwa sababu mmoja wa wamiliki wa timu zake alikuwa Donald Trump, na kwa sababu ilipoishtaki NFL mahakamani ilishinda kesi ikapewa fidia ya dola 1, ambayo kwa sheria ya ushindani wa biashara huzidishwa mara tatu, ikawa dola 3. Lakini ligi hiyo iliyoishi misimu mitatu tu ilikuwa na shida ambayo kwa Mills ilikuwa neema: ilihitaji wachezaji wengi, haraka. Philadelphia Stars wakampa nafasi.

Kocha wa Stars alikuwa Jim Mora. Naye, kama wenzake, alimwona mdogo mno, hadi mazoezi yalipoanza na kijana huyo akawa kila mahali uwanjani. Wachezaji wenzake walimpachika jina la Panya wa Shambani. Ufupi uliomkosesha kazi ukaanza kumlipa: majitu yalilazimika kuinama ili kumfikia, na katika mchezo huu anayegonga kutoka chini ndiye humwinua mwenzake. Stars walifika fainali misimu yote mitatu, wakalibeba taji mwaka 1984 na tena mwaka 1985. Wazee wetu walisema usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Mora hakuujua msemo huo, ila alipopewa kazi New Orleans Saints mwaka 1986 alibeba kiselema chake.

Saints walikuwa kichekesho. Tangu waanzishwe mwaka 1967 hawakuwahi kumaliza msimu hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo, na baadhi ya mashabiki wao walifikia kwenda uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi kichwani kwa aibu. Mwaka 1987, msimu wa pili wa Mora na Mills, walishinda mechi 12 na kupoteza 3. Mills, aliyeingia NFL akiwa na miaka 27, umri ambao wengine huwa wameshaanza kuuguza magoti, aliongoza safu ya malainibeka wanne pamoja na Rickey Jackson, Vaughan Johnson na Pat Swilling. Safu hiyo ilipewa jina la Doria ya Kuba, kwa paa la uwanja wao. Baada ya msimu wa 1992 wote wanne walichaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa malainibeka wanne wa timu nyingine yoyote. Hata hivyo, safu hiyo haikuwahi kushinda hata mechi moja ya mtoano. Timu iliyojua kuzuia mabao hivyo ilikuwa goigoi katika kuyatafuta.

Mwaka 1995, akiwa na miaka 35, alihamia Carolina Panthers, klabu iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza ligi. Kocha wake, Dom Capers, alimfahamu tangu siku za Stars. Panthers walipoteza mechi zao tano za kwanza. Katika ya sita, tarehe 15 Oktoba dhidi ya New York Jets, mrusha pasi wa Jets alijaribu kumsogezea mwenzake mpira kwa pasi fupi ya mkono wa chini. Mills akaunyaka, akatoka mbio yadi 36 hadi mstari wa mwisho. Panthers walishinda 26 kwa 15, ushindi wao wa kwanza katika historia. Msimu uliofuata, katika mtoano, waliwatoa Dallas Cowboys waliokuwa mabingwa watetezi, na Mills, sasa akiwa na miaka 37, akanyaka mpira mwingine. Safari iliishia kwenye baridi la Green Bay, mechi moja kabla ya fainali kuu. Msimu wa 1997 ulipokwisha alitundika daluga, baada ya mechi 181 za NFL. Namba yake, 51, ndiyo pekee ambayo Panthers wameistaafisha.

Akabaki klabuni kama kocha, akawa anawafunza malainibeka wa timu hiyo. Agosti 2003 madaktari wakamgundua na saratani ya utumbo. Mwezi huohuo mmoja wa vijana aliokuwa akiwafundisha, Mark Fields, naye aligundulika na saratani ya tezi za limfu. Mills aliendelea kuja kazini huku akitibiwa. Mkesha wa mechi ya mtoano dhidi ya Dallas, Januari 2004, alisimama mbele ya wachezaji akawaambia kwamba siku alipopewa majibu alikuwa na njia mbili, kukata tamaa au kuendelea kutwanga, naye anatwanga. Wachezaji walitwanga hadi fainali kuu huko Houston, wakafungwa na New England Patriots 32 kwa 29, kwa mkwaju uliopigwa zikiwa zimebaki sekunde 4.

Alifariki tarehe 18 Aprili 2005, akiwa na miaka 45. Maneno yake ya kuendelea kutwanga, mawili kwa Kiingereza, yameshonwa ndani ya ukosi wa jezi za Panthers, na kabla ya mechi za nyumbani mgeni wa heshima hupiga ngoma kubwa kandokando ya uwanja. Mora, ambaye baadaye alimfundisha hata mrusha pasi mashuhuri Peyton Manning, aliendelea kusema kwamba Mills ndiye mchezaji bora aliyepata kumfundisha.

Kuingia Jumba la Umaarufu la futiboli, huko Canton, Ohio, kulichukua muda. Jina lake lilipita mwaka 2022, mwaka wa 20 na wa mwisho kwake kufikiriwa katika kundi la wachezaji wa zama za karibuni. Mjane wake, Melanie, alipanda jukwaani kwa niaba yake. Sanamu za shaba za Canton huchongwa kichwa na mabega tu, kisha hupangwa kwenye rafu, wafupi na warefu usawa mmoja.