Historia ya chungu cha umeme: kutoka Vilnius mpaka Observatory

Tangu niwaonyeshe makande yangu, shangazi zangu wa Lushoto hawaishi kunisema. Eti napikia "chungu cha wavivu": nakiwasha, naenda zamu, nikirudi chakula kimeiva chenyewe. Haya, leo nawaletea historia yake, mkishaisoma mtaniambia uvivu uko wapi.

Chanzo chake ni dini. Wayahudi hawawashi moto siku ya Sabato, tangu Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku. Sasa chakula cha moto kitoke wapi? Huko Lithuania akina mama walitia nyama, maharage, shayiri na viazi chunguni, wakakipeleka kwa mwokaji mikate Ijumaa kabla ya magharibi. Tanuri likipoa polepole, chungu kikaiva usiku kucha. Chakula hicho kinaitwa cholent. Akina bibi zetu nao walijua mambo haya: maharage mafigani na gogo linalofuka hadi asubuhi, au wali uliopaliwa makaa juu ya kifuniko.

Mvumbuzi mmoja wa Chicago, Irving Naxon, alisimuliwa habari za chungu hicho na wazee wa familia yake iliyotoka Vilnius. Akatengeneza chungu cha umeme kinachopashwa joto taratibu kwa saa nyingi. Aliomba hataza mwaka 1936, akapewa 1940. Baadaye kiliuzwa kama chungu cha maharage, Naxon Beanery. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ilinunua biashara yake, na 1971 ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot. Hapo kikashika kasi, kwani wanawake wengi wa Marekani walikuwa kazini mchana kutwa na nyumbani hakuna wa kuchochea jiko. Sisi manesi wa zamu za saa 12 tunawaelewa sana!

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: Wayahudi wengi wa Afrika Kusini asili yao ni Lithuania hiyo hiyo. Walianza kumiminika miaka ya 1880, na dhahabu ya Johannesburg ilipogunduliwa 1886 wengi wakaja huku. Baadaye Yeoville na huu mtaa wetu wa Observatory ikawa mitaa yao. (Jina la mtaa limetokana na kituo cha kuangalia nyota kilicho mlimani, ambako Robert Innes aligundua Proxima Centauri mwaka 1915.) Wengi wao wamekwishahamia kaskazini ya jiji, na leo ukipita Yeoville unasikia Kilingala na Kiswahili cha Wakongo. Kumbe chungu ninachochekwa nacho, wazee wake walishapika hapa hapa kabla yangu.

Ubaya wake ni umeme. Mgawo wa Eskom ulipolipuka nchi nzima Januari 2008, vyungu vya namna hii vilinyamaza. Mwaka huo huo Sarah Collins na Moshy Mathe wa hapa Afrika Kusini wakabuni Wonderbag: mfuko mnene wa kitambaa. Unachemsha sufuria, unaifunika humo, inaendelea kuiva bila moto. Mwaka 2023, umeme ulipokatika karibu kila siku, mfuko huo ulikuwa mkombozi.

Sasa naongea kama nesi, na hapa sitanii. Maharage mekundu mabichi yana sumu, na machache tu yanatosha kukutapisha vibaya ndani ya saa chache. Chungu hiki kikiwa kwenye moto mdogo huenda kisifikie joto la kuiua, na joto pungufu linaweza hata kuiongeza. Kwa hiyo makande yangu huanzia jikoni: naloweka maharage usiku kucha, namwaga maji, natia mengine na kuyachemsha yakitokota kweli kweli nusu saa. Ndipo yanaingia chunguni na mahindi. Na wewe shangazi, ule mfuko nitakaokuletea Desemba, fanya vivyo hivyo: nusu saa ya kutokota kwanza, ndipo uufunge.