Betri ya matumizi, na kwa nini iitwe hivyo

Anayenunua leo Volkswagen T3 iliyogeuzwa kuwa gari-nyumba na kiwanda cha Westfalia, kule Wiedenbrück, Ujerumani, anapata makazi kamili ndani ya gari lenye urefu wa mita 4.57. Kuna kiti cha nyuma kinachokunjuliwa kuwa kitanda, kitanda cha pili chini ya paa linaloinuka, jiko la gesi la pleti mbili, sinki, tangi la maji na friji. T3 ilianza kutengenezwa mwaka 1979, Ulaya ikaachana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kiwanda cha Uitenhage, Afrika Kusini, kikaendelea kuitoa mpaka 2002. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ni gari la zamani sasa, na karibu kila mwenye nalo hufikiria kuliboresha ndani. Wengi huanza na kinachoonekana, yaani vitambaa vya viti, mapazia, zulia na mbao za makabati. Hayo yanapendeza, na hayana hasara. Lakini kinachoamua kama mtu ataishi humo siku tatu bila kuwasha injini wala kutafuta soketi ni umeme, na umeme huo unatoka kwenye kifaa ambacho Kiswahili bado hakijakipa jina moja la kutegemewa. Nadhani jina sahihi ni betri ya matumizi.

Tuanze na jinsi gari lenyewe lilivyofungwa. Kwenye T3 ya usukani wa kushoto, betri ya gari hukaa chini ya kiti cha abiria wa mbele, ndani ya kisanduku cha chuma chenye kifuniko. Chini ya kiti cha dereva kipo kisanduku kingine cha namna hiyo, na magari mengi yalitoka kiwandani kikiwa kitupu. Hayakuhitaji zaidi. Taa za ndani zilikuwa chache, pampu ya maji ilifanya kazi kwa sekunde chache kila bomba lilipofunguliwa, na friji haikutegemea betri gari likiwa limesimama. Ilikuwa friji ya kufyonza, teknolojia ya Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, ya mwaka 1922. Moto mdogo wa gesi huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, mvuke wa amonia hupoa na kuwa kimiminika, kisha hugeuka mvuke tena na kuchukua joto la ndani ya friji. Haina kompresa, kwa hiyo haina kelele. Lakini vimiminika vyake hutiririka kwa uzito wake tu, hivyo gari likiegeshwa kwenye mteremko friji haipoi. Kwa umeme wa volti 12 inakula ampea saba au nane mfululizo, ndiyo maana umeme huo ulikusudiwa kutumika injini ikiwa inaunguruma. Wanaoboresha magari haya huing'oa na kuweka friji ya kompresa. Hiyo haijali mteremko na inagandisha hata kwenye joto kali, ila inataka umeme usiku na mchana. Siku inapofungwa ndipo kile kisanduku kitupu cha chini ya kiti cha dereva kinakuwa sehemu muhimu kuliko zote.

Kwa nini isitumike betri ileile ya gari? Jibu limo ndani ya betri zenyewe. Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, lakini kazi ya kuzungusha injini iliipata baadaye, Cadillac ilipotoa mwaka 1912 gari lenye stata ya umeme ya Charles Kettering. Kazi hiyo inataka mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha altaneta irudishe kilichotumika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo betri ya kuwashia hujazwa sahani nyingi nyembamba, ili eneo la risasi linaloguswa na tindikali liwe kubwa. Friji, taa na feni zinataka kinyume chake: ampea chache, kwa saa nyingi, mpaka sehemu kubwa ya chaji iishe. Sahani nyembamba haziwezi kustahimili hilo. Kila zinapoisha chaji huumbika salfeti ya risasi, na zikikaa hivyo salfeti hiyo hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiziyeyushi tena, huku unga wa sahani ukidondoka chini ya kasha. Afrika Mashariki ina ushahidi wa hili. Kabla ya paneli za sola kuenea, nyumba nyingi za vijijini ziliendesha televisheni kwa betri ya gari, ikibebwa kwa baiskeli kwenda kuchajiwa mjini. Betri hizo hazikudumu, na mara nyingi lawama ilikwenda kwa muuzaji kuwa ameuza betri mbovu. Nyingi hazikuwa mbovu. Zilipewa kazi isiyo yao, na hakukuwa na jina la kumwonya mnunuzi.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa jambo la fedha. Waingereza huiita kwa neno la mapumziko, kwa kuwa kwao gari-nyumba ni chombo cha likizo. Wamarekani huiita betri ya nyumba. Wajerumani wanalo jina ambalo maana yake ni betri ya kukidhi mahitaji. Tukifasiri la Waingereza tutapata betri ya mapumziko, na msomaji wetu atadhani ni betri inayopumzishwa. Betri ya nyumba nayo inapotosha, maana kwetu betri ya nyumbani tayari ni ile ya sola iliyowekwa sebuleni chini ya televisheni. Mafundi wa magari husema betri ya pili, na kwenye gereji inatosha, lakini namba haielezi kazi. Anayesikia kuwa gari linahitaji betri ya pili anaweza kwenda kununua nyingine inayofanana na ya kwanza, na ndilo kosa lenyewe. Betri ya sola ndilo jina utakalolisikia zaidi kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli, na nalithamini kwa sababu limezaliwa sokoni. Kasoro yake ni kwamba linataja chaji inakotoka, si inakokwenda. Gari-nyumba linaweza kuchaji betri hii kwa altaneta, kwa soketi ya kambini au kwa paneli ya wati 100 juu ya paa, na wakati wa baridi kule Ujerumani paneli hiyo hutoa kidogo sana. Lipo pia jina la kitaalamu linalofasiriwa betri ya mzunguko wa kina. Hilo lina maneno ya Kiswahili, lakini halina maana ya Kiswahili. Kina ni cha maji, cha shimo au cha fikra. Chaji huisha au hubaki.

Matumizi ni neno ambalo kila nyumba inalo. Pesa ya matumizi ni ile inayoachwa asubuhi kwa ajili ya unga, mboga, mafuta na nauli. Inajulikana kuwa itaisha, na inajulikana kuwa lazima irudishwe kesho. Haichanganywi na akiba, na anayekula akiba kana kwamba ni matumizi huijua hasara yake siku ya dharura. Uhusiano wa betri mbili za gari-nyumba ni huohuo. Ya kuwashia haiguswi, ili asubuhi injini iwake. Ya matumizi imewekwa ili iliwe, kisha ijazwe. Ukimwambia mtu maneno haya mawili, betri ya kuwashia na betri ya matumizi, umemweleza pia kwa nini zinatenganishwa, na hakuna hata mojawapo ya majina niliyoyapitia linalofanya hivyo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba neno hili ni pana mno, kwa kuwa kila betri ni ya kutumiwa. Ni kweli lingekuwa pana kama lingesimama peke yake. Lakini istilahi hupata mipaka kutokana na jirani yake, na jirani wa hili ni kuwashia. Pesa zote pia ni za kutumiwa, na hakuna anayeshindwa kuelewa pesa ya matumizi ni ipi. Pingamizi la pili ni la wanaopenda kukopa, wanaouliza kwa nini tusitohoe neno la Kiingereza kama tulivyotohoa sola, inveta na kompresa. Sina ugomvi na maneno hayo, kwa sababu yanataja vitu ambavyo mtumiaji hahitaji kuvichagulia kazi. Hapa mnunuzi amesimama mbele ya makasha mawili meusi ya ukubwa uleule, yenye vichwa vilevile viwili, na kuchagua kasha lisilofaa kunaweza kumharibia betri katika msimu mmoja. Jina linalojieleza lina kazi ya kufanya dukani.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo linatoka kwenye lithiamu. Mwaka 1997 Padhi na Goodenough, wa Chuo Kikuu cha Texas, walichapisha utafiti kuhusu fosfeti ya lithiamu na chuma, na betri za aina hiyo ndizo wengi wanazofunga leo kwenye magari haya. Seli nne za volti 3.2 hutoa volti 12.8, na nyingine huuzwa zikidaiwa kuweza kuwasha injini na kuendesha friji kwa pamoja. Je, tofauti ya majina haijafutika? Haijafutika, maana jina tunalolitafuta ni la kazi, si la madini. Hesabu ya siku moja inaonyesha. Friji ya kompresa hula takriban ampea-saa 35. Feni ya paani ya ampea moja na nusu, ikizunguka saa nane, hula 12. Simu na kompyuta hula zaidi ya tano. Taa za LED hula nne. Pampu ya maji hula moja. Ni karibu 60. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo haimalizi siku, na mbili zake zina uzito wa kilo 50 na zaidi na haziingii kwenye kisanduku cha kiti. Moja ya lithiamu ya ukubwa huohuo hutoa 80 bila madhara, kwa uzito wa kilo 12 hivi. Inafaa sana kwa matumizi. Lakini ndani yake kuna kidhibiti kinachokata umeme chaji ikishuka mno, na haipaswi kuchajiwa kwenye baridi chini ya nyuzi sifuri. Kwa kuwasha injini asubuhi ya Januari mjini München, bado ya risasi ndiyo ya kutegemea.

Kuna mazoea mawili ya lugha yanayohitaji kubadilika pamoja na betri yenyewe. La kwanza ni kusoma chaji kwa volti. Kwenye betri ya risasi iliyopumzika, 12.7 ni imejaa na 12.2 ni karibu nusu, hivyo fundi akisema volti zimeshuka anasema kweli. Lithiamu hukaa karibu na volti 13 mpaka inapokaribia kuisha, halafu huanguka ghafla. Inabidi tuseme ampea-saa zilizobaki, na kufunga kipimo kinachohesabu zinazoingia na zinazotoka. La pili ni rilei. Zamani rilei moja ilitosha kuziunganisha betri hizi mbili injini inapowaka na kuzitenganisha inapozimwa, na mafundi huiita rilei ya betri ya pili. Ningeiita kitenganishi, kwa kuwa kutenganisha ndiyo faida yake. Lakini lithiamu iliyopungua hunyonya umeme wote inaopewa, na altaneta ya zamani haikuundwa kutoa nguvu zake zote kwa saa nzima. Inapofungwa lithiamu, kitenganishi kinatakiwa kiondolewe na nafasi yake ichukuliwe na chaja ya matumizi, kifaa kinachopokea umeme wa betri ya kuwashia na kuupitisha kwa kipimo, ampea 20 au 30 tu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya altaneta ya ampea 65 iliyoungua njiani.