Gari lako linaishi wapi? Historia ya kuhama na gari Ulaya

Muhula umefika katikati, baridi ya Ujerumani imeshaanza kung'ata, na mimi badala ya kumalizia insha ya semina nimezama kwenye historia ya namba za magari. Msicheke jamani, ina utamu wake.

Chanzo ni maongezi ya jikoni hapa bwenini. Waliotutangulia wanamaliza, wanapata kazi nchi za jirani, na wengi wao wana vigari walivyonunua hapa hapa. Kila mmoja anadhani mambo ni rahisi: si Umoja wa Ulaya huu, hakuna mpaka, najaza mafuta naendesha mpaka Denmark au Austria na maisha yanaendelea. Kuendesha, sawa, utafika. Shida inaanza ukishafika na ukakaa. Nikajiuliza, watu hawa wameunganisha soko, wengi wao wameunganisha hata fedha, imekuwaje gari likawashinda?

Nilichokiona baada ya kusoma ni hiki: Ulaya ilimfungulia mlango mwenye gari anayepita zamani sana, hata kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Anayehamia ndiye aliyebaki nje akigonga, na kila alipofunguliwa kidogo, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu wa kawaida aliyechoka akaenda mahakamani.

Tuanze na namba yenyewe. Mwaka 1893 polisi wa Paris walitoa amri kwamba kila chombo cha injini kiwe na kibati chenye jina la mwenyewe, anwani yake na namba ya kibali. Uholanzi wakaja na namba za nchi nzima mwaka 1898. Uingereza walipitisha sheria yao mwaka 1903, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1904, na namba A 1 ya London ikachukuliwa na Earl Russell, kaka yake yule mwanafalsafa Bertrand Russell. Angalieni kile kibati cha Paris: jina na anwani. Yaani tangu mwanzo namba ilikuwa inauliza swali moja tu, huyu mtu anakaa wapi tumfuate?

Sasa matajiri wa enzi zile wakataka kwenda likizo na magari yao nchi za watu. Kila mpaka una sheria yake, kila askari ana yake. Ndipo tarehe 11 Oktoba 1909 serikali zikakutana Paris na kutia saini mkataba wa kwanza wa kimataifa wa magari. Ukawa na hati moja ya kimataifa ya kudumu mwaka mmoja, na nyuma ya gari kibao chenye umbo la yai na herufi za nchi: F Ufaransa, D Ujerumani, GB Uingereza. Waliokulia kando ya barabara kuu kwetu mnakumbuka herufi EAT, EAK na EAU nyuma ya malori? Basi hizo ni wajukuu wa kibao kile.

Forodha nao walikuwa na wasiwasi wao. Mtu anaingia kama mtalii, halafu anauza gari kimya kimya bila ushuru, utamkamata wapi? Dawa ikatoka kwenye vyama vya wenye magari: chama kinamdhamini mwanachama wake, anapewa karatasi ya vipande vitatu, wenyewe waliiita triptyque, kipande kimoja cha kuingia, kimoja cha kutoka, na kimoja anabaki nacho. Baadaye ikaja carnet, ambayo wale wazungu wanaoshuka na Land Rover kutoka Ulaya mpaka Cape Town wanaijua vizuri. Mwaka 1954 huko New York ukatiwa saini mkataba wa kuingiza gari binafsi kwa muda bila ushuru. Lakini soma sharti lake: msamaha ni wa mtu anayeishi nje ya nchi anayoingia. Ukiwa mgeni unapendwa. Ukitangaza kwamba umekuja kukaa, mapenzi yanaishia hapo.

Bima ilifuata njia hiyo hiyo. Tarehe 1 Januari 1953 ukaanza mfumo wa kadi ya kijani, kwamba bima ya kwenu inatambulika ukigonga mtu kwa jirani. Mwaka 1972 Jumuiya ya Ulaya ikaenda mbele zaidi, wakaamua kuacha kukagua bima mipakani kwa magari ya nchi wanachama. Wataijuaje basi bima yako? Kwa namba ya gari. Namba ikageuka kuwa ushahidi kwamba gari lina kwao, na huko kwao kuna bima inayolipa. Kwa mpita njia ni raha tupu. Kwa mhamiaji ni mtego, maana gari linasema kwao ni Ujerumani wakati mwenyewe analala Copenhagen.

Swali la nani amehama na nani anatembea tu lilijibiwa mwaka 1983. Jumuiya ilitoa maagizo mawili siku moja, tarehe 28 Machi, moja la magari yanayoingia kwa muda, lingine la mtu anayehamisha mali zake moja kwa moja. La kwanza linampa mgeni miezi sita katika kila miezi kumi na miwili. Likaweka na kipimo cha makazi: unahesabiwa kuishi pale unapokaa angalau siku 185 kwa mwaka kwa sababu ya maisha yako na kazi yako. Na sisi wanafunzi tumetajwa humo humo! Mwanafunzi ambaye makazi yake ni nchi moja mwanachama, akienda nchi nyingine mwanachama kwa ajili ya masomo tu, anaweza kutumia gari lenye namba za kwao bila kutozwa, na kusoma peke yake hakuhesabiwi kuwa amehama. Siku unapotupa kofia ya mahafali na kusaini mkataba wa kazi, umeshatoka kwenye kivuli hicho. Ndiyo maana maswali yote ya jikoni yanatoka kwa waliomaliza.

Mwaka 1993 soko moja likaanza, ushuru wa forodha kati ya wanachama ulikuwa umeshakwisha zamani, na sasa ukaguzi wa bidhaa mipakani nao ukaondolewa. Watu wakashangilia. Lakini gari jipya likawekewa utaratibu wake: VAT inalipwa kule gari linakokwenda kusajiliwa, siyo linakonunuliwa. Na jipya hapa siyo lile linalonukia upya. Tangu mwaka 1995, gari ambalo halijamaliza miezi sita tangu lianze kutumika, au halijapita kilometa 6,000, ni jipya. Moja tu kati ya hayo mawili likitimia, wewe una gari jipya, hata kama umelinunua kwa mtu binafsi uani kwake.

Mtumba wa kweli, ulionunuliwa kwa mtu binafsi, unaikwepa VAT hiyo. Unakutana na mnyama mwingine: kodi ya usajili. Hii haikuunganishwa. Kila nchi ina yake, Ujerumani haina kabisa, na Denmark kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa 180% ya thamani, kikashushwa mwaka 2015 kuwa 150%. Mmesoma vizuri, siyo 18. Jamaa mmoja tuliyekaa naye korido moja alipopiga hesabu ya kigari chake alinyamaza jioni nzima.

Kuhusu Denmark hiyo hiyo kuna hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya Desemba 1990 ambayo mimi naona kila anayehama aijue. Denmark ilikuwa inaikadiria kodi ya gari lililotumika likitoka nje kwa kuhesabu kwamba thamani yake haiwezi kushuka chini ya 90% ya bei ya gari jipya. Yaani mkweche wa miaka kumi unatozwa kama umetoka kiwandani juzi. Wakati huo huo mkweche kama huo uliokwisha sajiliwa Denmark unauzwa mtaani bila kutozwa tena. Majaji wakasema huo ni ubaguzi. Lakini ukubwa wa kodi yenyewe hawakuugusa, kwa sababu Denmark haitengenezi magari, kwa hiyo hakuna gari la nyumbani linalopendelewa. Kodi ikabaki kubwa, ila kwa mtumba ikalazimika kupungua kadiri gari linavyozeeka. Kanuni iliyokua kutoka hapo na kesi zilizofuata ni kwamba mtumba kutoka nje usitozwe zaidi ya kile kilichobaki ndani ya thamani ya mtumba kama huo uliopo tayari nchini.

Kanuni nzuri, ila serikali ni wajanja. Poland iliingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, na magari ya zamani ya Ujerumani yakamiminika kama mvua ya masika. Raia mmoja alinunua Golf ya mwaka 1989 huko Ujerumani, akatozwa kodi iliyokuwa inapanda kadiri gari linavyokuwa kuukuu. Hakukubali. Januari 2007 Mahakama ya Ulaya ikasema kodi ya namna hiyo haifai pale inapozidi ile iliyobaki kwenye bei ya gari kama hilo nchini. Romania walileta kodi yao mwaka 2008 na kuipa jina zuri, kodi ya uchafuzi wa hewa. Mwaka 2011 mahakama ikaona kwamba inawakatisha watu tamaa ya kununua mtumba wa nje huku mikweche ileile ya ndani ikiendelea kutoa moshi bila kulipa. Wakaibadilisha jina na sura mara kadhaa, mpaka mwaka 2017 ikafutwa.

Usidhani mwananchi anashinda kila mara. Kuna kesi ya mume na mke Wajerumani waliohamia Austria kwa sababu mume alipata kazi, kila mmoja akaja na gari lake, wakatozwa kodi ya usajili. Hukumu ya mwaka 2004 iliwapa nusu ya kikombe: nyongeza ya 20% waliyopigwa kwa sababu gari limetoka nje ilikuwa batili, lakini kodi yenyewe ni halali. Majaji walisema wazi kwamba mkataba hauahidi kuwa mfanyakazi akihama atabaki vilevile kikodi. Mimi sentensi hiyo naiona ndiyo ukweli wenyewe wa Ulaya. Una uhuru wa kwenda, ila hakuna aliyekuahidi kwamba ni bure.

Kesi niliyoipenda kuliko zote ni ya usukani. Wapolandi walienda Uingereza kwa maelfu, wakanunua magari ya huko, usukani kulia kama ya kwetu. Wakirudi nyumbani wanaambiwa gari halisajiliwi mpaka usukani uhamishiwe kushoto. Wenye gereji mnajua maana yake: dashibodi, pedali, nyaya, ni afadhali ununue jingine. Lithuania nao walikuwa na katazo kama hilo. Tarehe 20 Machi 2014 Mahakama ya Ulaya ikazikatalia nchi zote mbili, hoja kubwa ikiwa nyepesi tu: gari la usukani wa kulia linaruhusiwa kupita barabara zao likiwa la mtalii, sasa linakuwaje hatari siku mwenyewe anapoamua kukaa? Hapo mahakama ilikuwa imelishika swali lile lile tulilotoka nalo mwaka 1909.

Kwenye makaratasi na vyuma, lazima tuwape sifa zao, kumepoa. Zamani kila nchi ilikuwa na vituko vyake. Ufaransa walilazimisha taa za mbele za njano mpaka mwaka 1993. Siku hizi gari likishakubaliwa kiufundi nchi moja mwanachama, nyingine zinalitambua, ndiyo maana ile hati ya kiwanda ya ulinganifu usiitupe. Na kadi za usajili tangu agizo la mwaka 1999 zina herufi zilezile kila nchi: A ni namba ya gari, B tarehe ya usajili wa kwanza, E namba ya chasisi. Hata kama hujui neno la Kihungari unaisoma.

Kwa mnaonunua hapa Ujerumani mkitaka kuondoka nalo: kuna karatasi mbili, Teil I ya kutembea nayo na Teil II ya kutunza nyumbani. Usimpe mtu hela bila Teil II mkononi. Kisha unachukua namba za kusafirishia gari, zina ukanda mwekundu na tarehe ya mwisho wa bima, tarehe hiyo ikipita ujue umeegesha chuma tu. Halafu msiwaonee Wajerumani kwamba wanasumbua wageni peke yao, maana mpaka mwaka 2015 hata Mjerumani akihama kutoka Hamburg kwenda Munich alitakiwa kubadilisha namba.

Mwaka 2005 Tume ya Ulaya ilipendekeza kodi za usajili zifutwe taratibu nchi zote. Mambo ya kodi yanataka kila nchi ikubali, na hawakukubali. Mwaka 2012 wakapendekeza angalau usajili upya uwe mwepesi, nayo haikufika kuwa sheria. Uingereza ndio walirudi nyuma kabisa. Tangu tarehe 1 Januari 2021, ukitoka London na gari lako kuhamia Paris, unapita forodha kama mtu anayegomboa gari bandarini Dar, unaomba msamaha wa mali ya mhamiaji na fomu juu. Na kile kibao cha umbo la yai cha GB, kilichotumika zaidi ya miaka 100, kilibadilishwa Septemba 2021 kuwa UK.

Naishia hapa, ile insha ya semina inadai na maktaba inafungwa saa nne. Mwenye kesi ya gari nchi nyingine aniletee, hasa Ureno na Finland, najua huko nako kulichafuka.