Eti Ni Mbwa Tu?

Chapo alikufa Jumanne alfajiri, juu ya sweta yangu ya zamani ya shule, kwa keja ya chumba kimoja huko Kayole. Alikuwa na miezi minne. Siku nane nilikuwa nampa maji ya glukosi kwa sirinji isiyo na sindano, kidogo kidogo kando ya mdomo. Akitapika napanguza, naanza tena. Nilipotoka nje na sura ya mtu hajalala, jirani akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. Akasema, "Aki pole. Lakini si ni mbwa tu? Utapata mwingine."

Hakuwa na ubaya. Ni yeye alinipatia katoni ya kumbebea. Lakini hilo neno "tu" lilinikaa kichwani wiki nzima. Na mnajua huwa haliji peke yake. Nyuma yake kuna lingine: kulilia mnyama ni mambo ya wazungu. Eti Mwafrika anafuga mbwa alinde boma, paka ashike panya, imeisha hiyo.

Mimi ni mtu wa historia, mnanijua. Nikasema wacha nitafute kama ni kweli.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1914, wafanyakazi wa machimbo ya mawe pale Oberkassel, Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi la zamani sana. Ndani kulikuwa na mwanamume, mwanamke na mbwa. Umri wa kaburi ni kama miaka 14,000. Hapo hakukuwa na shamba wala mji popote duniani. Watu walikuwa wanawinda na kuhama.

Mwaka 2018 daktari mmoja wa wanyama, Luc Janssens, na wenzake wakatoa ripoti kuhusu meno ya huyo mbwa. Meno yanatunza kumbukumbu, yaani ukiugua ukiwa mdogo, alama inabaki. Wakaona huyo alikuwa bado mtoto, wa karibu miezi saba, na dalili zilionyesha alikuwa ameugua distempa. Distempa ni virusi vinavyoshambulia mapafu, tumbo, halafu ubongo. Alizidiwa mara tatu, na katikati akawa anapata nafuu kidogo. Waliandika kwamba bila mtu wa kumpa maji, kumpa joto na kumsafisha matapishi, asingefika mbali hivyo.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Distempa ndiyo iliyomuua Chapo. Mtu fulani, miaka 14,000 kabla yangu, alikuwa anafanya kazi ileile niliyokuwa nafanya Kayole. Na huyo mbwa hakuwa na faida yoyote kwake wakati huo. Hakuweza kuwinda wala kubweka.

Najua mtasema, "Sawa, lakini hapo ni Ujerumani, si ni walewale?" Haya, turudi Afrika.

Herodotus, yule Mgiriki aliyeandika juu ya Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema kwamba paka akifa kwa nyumba ya Mmisri, wote wa nyumba hiyo walinyoa nyusi. Akifa mbwa, walinyoa kichwa na mwili mzima. Imagineni ukienda kazini Jumatatu bila nyusi, na kila mtu anajua tu: huyu amefiwa na paka.

Sitawadanganya kwamba Misri ilikuwa paradiso ya wanyama. Kuna paka wengi walizalishwa kwa wingi, wakauawa wakiwa wadogo na kukaushwa ili mahujaji wawatoe kama sadaka hekaluni. Mapenzi na ukatili vilikaa nyumba moja. Lakini wale wanaosema mapenzi ya wanyama yaliletwa na wazungu wakumbuke mwaka 1890. Paka waliokaushwa kama 180,000, mzigo wa tani 19 hivi, walitolewa Misri kwa meli hadi Liverpool, Uingereza. Unajua walienda kufanywa nini? Mbolea. Walisagwa wakamwagwa mashambani. Inasemekana dalali wa mnada alitumia fuvu la paka kama nyundo.

Sasa ile iliyonimaliza kabisa ni Berenike. Huu ulikuwa mji wa bandari kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, Misri, wakati Misri ilikuwa chini ya Warumi. Mahali penyewe ni jangwa. Chakula kingi kililetwa kutoka mbali. Watu wake walikuwa mchanganyiko wa mabaharia na wafanyabiashara wa kila rangi. Na hapa sisi tunaingia: kile kitabu cha mabaharia kinachoitwa Periplus, cha karne ya 1 baada ya Kristo, kinaitaja Berenike, halafu kinashuka na pwani ya Afrika hadi Azania, ambayo ni pwani yetu hii, mpaka soko la Rhapta. Yaani watu wa Berenike walijua njia ya kuja huku kwetu.

Nje ya huo mji kulikuwa na makaburi ya wanyama, ya karibu miaka 1,900 iliyopita. Mtafiti Marta Osypińska na wenzake walitoa hesabu mwaka 2021. Wanyama 585. Paka 536, mbwa 32, nyani wadogo 15, mbweha mmoja na kipanga mmoja. Hawakukaushwa. Hawakuwa sadaka. Walilazwa vizuri kama wamelala, wengine wakafunikwa kwa kitambaa au vipande vya mtungi. Baadhi ya paka walikuwa na kola za chuma, wengine shanga na kombe shingoni.

Kulikuwa na mbwa wazee wasio na meno. Kulikuwa na wanyama ambao mifupa yao inaonyesha hawangeweza kutembea vizuri kwa muda mrefu kabla ya kufa. Mbwa asiye na meno jangwani hajilishi. Kuna mtu alikuwa anamlainishia chakula, kila siku, mahali ambapo hata binadamu kupata chakula ni shughuli. Mmoja alikuwa mbwa mkubwa mwenye saratani ya mfupa. Walimzika amefungwa kwa mkeka wa ukindu.

Hapo si Ulaya. Hiyo ni pwani ya Afrika. Na hakuna aliyewaambia "ni mbwa tu." Ama pengine waliambiwa, lakini hawakusikiza.

Tuje nyumbani sasa. Ukitaka kujua kitu kimekaa na watu muda gani, angalia jina lake. Sisi tunasema mbwa. Mnyarwanda na Mrundi wanasema imbwa. Mganda anasema embwa. Mbukusu pia. Neno hilo ni la zamani sana kwa lugha za Kibantu, tulitembea nalo tukigawanyika. Mbwa hakuja na reli. Alikuwa nasi tukiwinda, tukichunga, tukihama.

Paka naye ana heshima yake pwani. Ukienda Lamu utawakuta kila kona, wanangoja wavuvi kama wenye ploti wanaongoja kodi. Kwa Waislamu paka anaingia nyumbani bila shida. Swahaba mmoja wa Mtume alijulikana kwa jina la Abu Huraira, kwa sababu ya paka wake. Mbwa, kwa mafundisho ya wengi wao, hukaa nje, kwa ajili ya usafi wa swala. Watu husikia hilo wakadhani ni ruhusa ya kumpiga mawe. Lakini katika dini hiyohiyo kuna hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akampa maji mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Na kuna ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Kukaa nje ni kitu kimoja. Kuteswa ni kingine.

Sasa mbona sisi watu wa Nairobi tukimwona mbwa tunaokota jiwe kwanza?

Nadhani kuna sababu mbili, na zote ni za kweli. Siwezi kuzicheka.

Ya kwanza ni ukoloni. Kibao cha "Mbwa Kali" kwa geti hakikuwekwa kumzuia mwenye nyumba. Kiliwekwa kutuzuia sisi. Kwa mlowezi, mbwa alikuwa sehemu ya ua. Halafu kati ya 1952 na 1960, wakati wa Hali ya Hatari, jeshi la Waingereza lilitumia mbwa wa kunusa nyayo kuwafuata Mau Mau msituni. Ukikulia kwa hiyo hofu, na ukawalea watoto wako nayo, hofu inafika kwa mjukuu ambaye hajui ilitoka wapi.

Ya pili ni kichaa cha mbwa. Hapa Kenya kisa cha kwanza kuthibitishwa kwa mbwa ni cha 1912, viungani mwa Nairobi. Leo makadirio ni kwamba ugonjwa huu unaua kama watu 2,000 kila mwaka nchini, wengi watoto, na karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Na kinga tunayo tangu 1885, wakati Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Kijana akapona. Ukiumwa leo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Na ukichanja mbwa 70 kwa kila 100 mtaani, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa.

Hapa ndipo lazima niseme ile kitu nimekuwa nikiizunguka.

Chapo hakuwa amechanjwa. Nilimnunua kando ya barabara kwa jamaa aliyekuwa amewabeba watatu mkononi. Aliniambia, "Huyu ako na sindano zote." Sikuomba kadi. Sikuuliza daktari. Siku hiyohiyo Chapo alipanda juu ya meza akaiba chapati nzima, akaivuta hadi chini ya kitanda, ndiyo maana ya jina. Nilicheka mpaka nikapiga video. Nilikuwa na video 43 za Chapo na hakuna hata chanjo moja. Raba nilizonunua mwezi huo zilikuwa bei kuliko chanjo.

Yule mtu wa Oberkassel hakuwa na chanjo ya distempa, hakuna mtu alikuwa nayo. Alifanya yote aliyoweza. Mimi nilikuwa nayo, iko kwa kila daktari wa wanyama mjini, na nilingoja mpaka ikabaki sirinji ya glukosi tu. Kwa hivyo jirani akisema "ni mbwa tu" nakasirika, lakini nikijiuliza ukweli, mimi pia nilikuwa nimesema hivyo. Niliisema kwa pesa zangu.

Kwa ploti hakuna mahali pa kuzika. Kila kitu ni simiti. Nikabeba katoni hadi shags, Murang'a. Makanga akaniuliza mna nini ndani, nikasema vitabu. Nilikuwa naogopa cucu kuliko mtu yeyote. Cucu ni wa miaka ya arobaini, amelea watoto saba, nilijua atauliza kama nimelipa nauli nzima kwa sababu ya mbwa.

Alifungua katoni, akaangalia, akafunga. Akaniambia, "Lete jembe." Akanipeleka nyuma, kwa mparachichi. Akaonyesha na mguu: "Usichimbe hapo. Hapo ni Bosco. Na hapo ni Popi."

Sikuwa nimewahi kusikia kuhusu Bosco. Nilimwuliza kama yeye, mtoto wa Hali ya Hatari, hakuwa anachukia mbwa. Akasema, "Mbwa wa askari tulikuwa tunaogopa, hata sasa nikisikia wanabweka wengi usiku siwezi kulala. Lakini Bosco alikuwa ananisindikiza mtoni." Halafu akanisukuma kando, akasema nachimba kama mtu wa town, akamalizia shimo mwenyewe.

Nilikuwa nimesoma hadi Berenike kutafuta Mwafrika aliyemlilia mnyama wake, na kumbe ako kwetu, anachuma majani chai.

Sisemi kila mtu afuge. Kama unaogopa mbwa, ogopa, una sababu. Kama huna pesa ya chanjo, pia hiyo ni sababu ya kungoja. Ukifuga, jua utakachozawadiwa: mtu wa kukufurahia kila ukifungua mlango, na siku moja, mapema kuliko unavyotaka, shimo la kuchimba. Hakuna aliyewahi kupata moja bila lingine. Waliozika paka 536 jangwani walijua hivyo, na bado walienda wakachukua mwingine.

Kwa ploti yetu kuna paka wa rangi ya kijivu, hana mwenyewe, kila mlango unamtupia kitu. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi. Tangu Chapo aende, ameanza kulala kwangu, kwa ile sweta. Sikuwa nimepanga. Wiki jana nilimtia kwa begi, akanikwaruza mkono wote, nikampeleka achanjwe. Jirani ndiye aliyenishikia begi.

Hajapata jina bado. Lakini kadi yake nimeibandika ndani ya mlango.