Ritifaa ya Ng'ombe

Juzi, nikitoka Posta kwa miguu kuelekea Kariakoo, niliona duka la viatu limeandika “Shoe's”, ilhali wingi wa Kiingereza hauhitaji alama hiyo. Mbele kidogo, bucha ikatangaza “Nyama ya Ngombe”. Ritifaa ya ng'ombe, nilijiambia, imehamia kwenye viatu!

Kwa Waingereza, ritifaa huonyesha umiliki au herufi zilizoachwa. Kwetu ng' ni sauti kamili. Walioandika kwa hati za Kiarabu mara nyingi walitumia ghaini moja kwa g, ng na ng', wakamwachia msomaji kupambanua. Hati za Kilatini zilitaka alama. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, humuhumu Dar es Salaam, ilisimamia tahajia sanifu inayozitenga sauti hizo, na Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ikaieneza.

Washairi tunayo ritifaa nyingine, ya kudondosha: “'mekuja” badala ya “amekuja”, mizani nne zikawa tatu. Hiyo wahariri huivumilia. Ya kwanza ndiyo huinyofoa, wakidhani ni pambo.

Katika utenzi wa kumlilia baba niliandika “ng'oa ya moyoni”, nikiusihi umauti uing'oe huzuni. Gazeti moja likachapa “ngoa ya moyoni”. Ngoa, wasomaji wajua, ni wivu na matamanio. Mama aliusoma mbele ya ndugu zetu, akafika hapo, akanyamaza, kisha akanitazama.