Kila Serikali na Mzawa Wake

Februari 1914 Reli ya Kati ilifika Kigoma. Aliyeijenga kutoka Dar es Salaam, tangu mwaka 1905, alikuwa Philipp Holzmann, kampuni ya ujenzi ya Frankfurt. Fedha zilitoka benki za Ujerumani, na reli zenyewe na vichwa vya treni vikaletwa kwa meli kutoka huko huko. Kwa watawala wa wakati ule hilo halikuwa jambo la kujadili: koloni la Wajerumani, kazi ya Wajerumani. Mwafrika aliingia kwenye hesabu kama kibarua wa kuchimba tuta na kubeba mawe.

Februari 2017 Tanzania ilisaini mkataba wa kipande cha kwanza cha reli ya kisasa, Dar es Salaam hadi Morogoro, na ubia wa Yapi Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno. Njia ni ile ile ya Holzmann, au karibu yake. Katikati ya mikataba hiyo miwili kuna zaidi ya miaka mia moja ya ubishi juu ya swali moja: fedha ya serikali inapotoka kununua barabara, dawa, madawati au karatasi, nani apewe kwanza?

Siku hizi swali hilo huzungumzwa kana kwamba lilizaliwa na neno "wazawa" kwenye hotuba za mawaziri. Ukweli ni kwamba upendeleo kwenye zabuni haukuanza na uhuru. Ulikuwapo tangu siku ya kwanza, ila aliyependelewa alikuwa mwingine.

Ushahidi mzuri umo kwenye hati iliyoikabidhi Tanganyika kwa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ibara ya 7 ya hati hiyo ya udhamini, iliyoidhinishwa na Jumuiya ya Mataifa mwaka 1922, iliitaka Uingereza iwape raia wa nchi zote wanachama usawa kamili katika uchumi, biashara na viwanda. Maneno mazuri. Kisha ikaja "isipokuwa": mdhamini atakuwa huru kuandaa kazi na huduma muhimu za umma kwa masharti atakayoona ni ya haki. Kwa hiyo Mbelgiji au Mtaliano aliweza kufungua duka Tanga, lakini bandari, reli na barabara Mwingereza aliziwekea mkono. Wenyeji wa Tanganyika, ambao hati ilidai kuwalinda, hawakutajwa kwenye usawa huo wa biashara, si kama wauzaji wala kama makandarasi.

Manunuzi yenyewe yalikuwa na anwani: 4 Millbank, London. Hapo ndipo zilipokuwa ofisi za Crown Agents, mawakala walioanza kazi mwaka 1833 kwa niaba ya makoloni ya Uingereza. Idara ya Ujenzi ikihitaji mabomba, hospitali ikihitaji vitanda, au reli ikihitaji vipuri, oda ilipelekwa London, mawakala wakatafuta muuzaji, wakakagua mzigo, wakausafirisha na kukata fedha kwenye akaunti ya koloni. Muuzaji huyo kwa kawaida alikuwa kiwanda cha Kiingereza. Afisa wa Dodoma au Kisumu hakuwa na sababu ya kumtafuta seremala wa mtaani kwake, labda kwa kitu kidogo ambacho gharama ya meli ingekizidi.

Na Waingereza hawakuwa peke yao. Machi 3, 1933, siku moja kabla ya kuondoka madarakani, Rais Herbert Hoover wa Marekani alisaini sheria ya kuitaka serikali yake inunue bidhaa za Kimarekani kwanza. Ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, viwanda vimefungwa na watu hawana kazi. Sheria hiyo haijafutwa hadi leo, na marais kadhaa wameona fahari kuikaza zaidi. Inafaa kukumbukwa kila mara mtaalamu kutoka Washington anapokuja kufundisha uzuri wa ushindani usio na mipaka.

Uhuru ulipokuja, Tanganyika na Kenya zilirithi utaratibu wa bodi kuu ya zabuni na bohari za serikali, lakini makandarasi Waafrika wa kuzipokea kazi hawakuwapo kwa idadi ya maana. Kazi kubwa zilikuwa mikononi mwa kampuni za Ulaya, na za kati mikononi mwa Waasia, ambao mizizi yao katika biashara hii ilianza zamani: A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi, alitajirika kwa mikataba ya kuleta vibarua na chakula kwa ajili ya Reli ya Uganda. Kenya iliunda shirika la taifa la ujenzi mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kuwafunza na kuwawezesha makandarasi Waafrika. Tanzania ilichukua njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nyumba kubwa za biashara zilitaifishwa, likazaliwa Shirika la Biashara la Taifa, na kwenye ujenzi likasimama jina la MECCO, kampuni ya umma. Mzawa wa zama hizo hakuwa mtu mwenye kampuni yake. Mzawa alikuwa serikali yenyewe, ikijiuzia na kujijengea.

Lakini kwenye kazi kubwa kuliko zote za zama hizo, hata serikali haikuwa na kauli ya mwisho. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. Mkopo ulikuwa nafuu kweli, ila ulikuja na kamba yake. Gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zililipwa kwa sehemu kubwa na mauzo ya bidhaa za Kichina kwenye maduka ya Tanzania na Zambia. Mashati, vyombo na baiskeli viligeuka kuwa tuta la reli. Anayetoa fedha ndiye anayechagua mzawa: kanuni hiyo haijaandikwa popote na haijawahi kuvunjwa kirahisi. Barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA, iliyofunguliwa Septemba 2018, ilijengwa kwa msaada wa Japani, na mkandarasi alikuwa Sumitomo Mitsui ya Japani.

Benki ya Dunia, kwa upande wake, ilitaka zabuni ziwe wazi kwa mataifa yote, lakini ikaacha mlango mdogo kwa nchi zinazokopa. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi ziliruhusiwa nafuu ya asilimia 15 wakati wa kulinganisha bei, na makandarasi wa ndani wa nchi maskini asilimia 7.5. Nafuu hii hueleweka vibaya, hata na baadhi ya wanaoitetea. Chukua barabara ya mfano. Kampuni ya kigeni imeomba shilingi bilioni 10, ya ndani bilioni 10.6. Kamati ya tathmini inaongeza asilimia 7.5 kwenye bei ya mgeni, kwenye karatasi tu, inakuwa bilioni 10.75. Wa ndani sasa ndiye mwenye bei ya chini, naye anashinda. Atalipwa bilioni 10.6 alizoomba, si senti zaidi. Zile milioni 600 za tofauti ndiyo bei ambayo nchi imekubali kulipa ili kazi ibaki nyumbani. Kama ni ghali au rahisi inategemea kinachobaki nyumbani baada ya kazi kwisha: mafundi, mitambo, kodi na kampuni yenye uzoefu wa kuomba kazi kubwa zaidi, au nyumba mpya tu ya mkurugenzi.

Sheria za Tanzania za eneo hili zimebadilika haraka kuliko barabara zinazojengwa. Sheria ya 2001 ilibaki na Bodi Kuu ya Zabuni. Ya 2004 iliiondoa, ikazipa taasisi madaraka ya kununua na kuanzisha mdhibiti, PPRA. Ya 2011, pamoja na kanuni zake za 2013, ikaenda mbele ya nafuu ya bei: ilitenga kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 10 kwa ajili ya kampuni za Watanzania pekee. Marekebisho ya 2016 yakaleta asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kisha ikaja Sheria Na. 10 ya 2023, na kanuni za 2024 zikapandisha ukomo wa kazi za wazawa kutoka bilioni 10 hadi bilioni 50.

Kenya ilipita njia inayofanana, ila ikaanzia kwenye Katiba. Ibara ya 227 ya Katiba ya 2010 inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi na wa ushindani, na papo hapo inaruhusu upendeleo kwa makundi. Oktoba 2013 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mpango wa AGPO, asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kanuni za 2020 zikawatengea raia tenda za ujenzi hadi shilingi bilioni moja za Kenya, na za bidhaa na huduma hadi milioni 500. Kwa Kenya raia maana yake ni kampuni inayomilikiwa na Wakenya kwa asilimia mia moja. Tanzania inaridhika na hisa nyingi kuwa za Watanzania. Tofauti hiyo ndogo ya hesabu ni kubwa sana mtu anapotaka kujificha nyuma ya jina la mwenzake.

Mbele ya meza ya benki ndipo tarakimu hizi zinapopimwa. Mkandarasi wa daraja la chini ameshinda kazi ya bilioni 2. Kabla hajasaini anatakiwa kuleta dhamana ya utekelezaji, kwa kawaida asilimia 10, yaani dhamana ya milioni 200. Akitaka malipo ya awali, anahitaji dhamana nyingine. Benki inaomba hati ya nyumba, na nyumba ya Kigogo au ya kijijini haitoshi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliona tatizo hilo ikaanzisha mfuko wa kuwasaidia wadogo kupata dhamana. Wengi hubaki nje hata hivyo. Akishapita hapo anakopa saruji na nondo dukani, analipa mafundi kila Jumamosi, kisha anawasilisha hati ya malipo na kusubiri. Kenya wanayajua haya kwa jina la malimbikizo ya madeni ya kaunti. Tanzania hayakosekani kwenye mikutano ya makandarasi. Vikundi vya vijana na akina mama vilivyoahidiwa asilimia 30 huumia zaidi, kwa sababu havina hata gari la kuuza vikisubiri.

Kuna ubishi mwingine ndani ya nyumba yenyewe. Wakati wa Rais John Magufuli kazi nyingi zilipewa taasisi za umma na mafundi wa kawaida badala ya kampuni. Wakala wa Majengo, TBA, ulijenga mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yaliyofunguliwa 2017 kwa gharama iliyotangazwa ya shilingi bilioni 10. Mwishoni mwa 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, zilijenga madarasa 15,000, mengi kwa utaratibu wa shule kununua vifaa na kuajiri fundi wa jirani. Fundi wa kijiji alifurahi. Mkandarasi aliyelipia usajili, ofisi na mhandisi alilalamika kwamba kazi zilizotengwa kwa ajili yake zimepita pembeni. Wote wawili ni wazawa, na wote wawili wana hoja.

Hapa wapinzani wa upendeleo husema mgeni angalau ana uwezo. Historia haiwaungi mkono moja kwa moja. Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura mwaka 2006, ilijitambulisha kuwa ya Marekani. Kamati Teule ya Bunge iligundua kwamba haikuwa na uwezo wa kazi hiyo, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kampuni za mfukoni hazina uraia.

Suala ambalo halizungumzwi vya kutosha liko Arusha, kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema kwenye Ibara ya 35 kwamba nchi wanachama hazitawabagua wauzaji, bidhaa au huduma za nchi nyingine wanachama katika ununuzi wa umma. Tanzania na Kenya zote zilitia saini. Kwa maandishi ya Itifaki, mkandarasi wa Kampala hapaswi kuwa mgeni Mwanza, na wa Mwanza hapaswi kuwa mgeni Kisumu. Kwa maandishi ya sheria za nchi, wote ni wageni. Serikali hizi zimesaini mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Kwa sasa ukomo wa Tanzania wa bilioni 50 ni hatua ya maana, na wanaoupinga kwa hoja ya ushindani huru wakumbuke Ibara ya 7 ya mwaka 1922. Lakini kupandisha tarakimu ni kazi rahisi kuliko zote. Bunge likirudi tena kwenye sheria hii, na kwa kasi ya miaka 20 iliyopita litarudi, lianze na mambo mawili: mkandarasi aliyecheleweshewa malipo alipwe riba bila kuiomba kwa magoti, na kila mkataba unaotolewa kwa jina la mzawa utangazwe hadharani pamoja na majina ya watu wanaomiliki kampuni hiyo kweli.